Kujipandikiza kwa kiinitete

Kujipandikiza kwa kiinitete ni hatua ya mwanzo ya ujauzito ambapo yai lililorutubishwa, likiwa limeshagawanyika na kuwa fungu la seli nyingi, hujishikiza katika ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Kwa binadamu hatua hiyo huanza siku ya 6 au ya 7 hivi baada ya utungisho.

Maandalizi

Yai hurutubishwa katika mrija wa uzazi, kisha husukumwa polepole kuelekea mji wa mimba. Wakati huohuo, mabaki ya kifuko kilichotoa yai hilo katika ovari hutengeneza homoni ya projesteroni. Kwa nguvu ya homoni hiyo, utando wa mji wa mimba, ambao umeshakuwa mnene, huongeza mishipa ya damu na tezi zake hujaa virutubishi. Utando huwa tayari kupokea kiinitete kwa siku chache tu. Kisipojishikiza, projesteroni hupungua na utando hubomoka na kutoka kama hedhi.

Lishe

Seli za nje za kiinitete hupenya ndani ya utando mpaka kifunikwe chote. Kondo la nyuma huchukua wiki kadhaa kukamilika. Katika kipindi hicho kiinitete hulishwa hasa na majimaji ya tezi za mji wa mimba.

Seli hizohizo za nje hutoa homoni ya HCG, inayoifanya ovari iendelee kutengeneza projesteroni ili hedhi isitokee. Baadaye kondo la nyuma huishika kazi hiyo lenyewe. HCG ndiyo inayotafutwa katika kipimo cha mimba cha mkojo.

Mimba nje ya mji wa mimba

Pengine kiinitete hujishikiza mahali pengine, mara nyingi katika mrija wa uzazi. Mrija hauwezi kutanuka kama mji wa mimba, hivyo unaweza kupasuka na kusababisha kifo kwa kuvuja damu nyingi ndani ya tumbo.

Kipimo cha mkojo huonyesha kwamba mimba ipo, lakini hakionyeshi ilipo. Mahali pake hutambuliwa kwa ultrasaundi. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, anayetokwa na damu ukeni au kuzirai, anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja.