Mikunjo ya Uzi wa Urithi

Mnamo mwaka 1885 Carl Rabl, aliyekuwa akizichunguza kwa hadubini seli za salamanda, mnyama mwenye nasaba na chura, alitoa rai kwamba kromosomu, ambazo huonekana dhahiri seli inapogawanyika na kisha kutoweka machoni, hazichanganyiki wala hazipotei, bali kila moja hubaki mahali pake ndani ya kiini hata zamu yake ya kujitokeza irudi. Mwaka 1909 Theodor Boveri, huko Würzburg, aliitia nguvu rai hiyo kwa mayai ya mnyoo wa farasi, ambaye kromosomu zake huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, akasema kuwa kila kromosomu ina milki yake. Mabwana hao walichora walichokiona. Urefu wa uzi wenyewe wa urithi, yaani DNA, uliomo ndani ya kromosomu hapana aliyeujua.

Na urefu huo ndio ulioifanya mas'ala hii kuwa ya fizikia. DNA iliyomo katika kromosomu 46 za seli moja ya binadamu, ikinyooshwa na kuungwa ncha kwa ncha, hufikia kiasi cha mita 2, nayo imo ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Hatua ya kwanza ya mkunjo ilibainika mwaka 1974, kwa kazi ya Ada na Donald Olins na ya Roger Kornberg: uzi huzungushwa karibu mara mbili juu ya kifundo cha protini ziitwazo histoni, kisha kifundo kingine, na kingine. Miaka miwili baadaye John Finch na Aaron Klug, wa Cambridge, walitoa kielelezo cha vifundo hivyo vikijisokota kuwa kamba nene ya nanomita 30. Kielelezo hicho kilifundishwa kwa miongo mingi, nadhani kwa sababu ya uzuri wake kuliko burhani zake, maana kromosomu zilizogandishwa ghafla na kutazamwa mwaka 2008 hazikuonyesha kamba hiyo.

Rai ya Boveri nayo ilikuwa imekwisha kuachwa, kwa kuwa hadubini za elektroni zilionyesha msongamano tu wa nyuzi. Waliofufua hoja hiyo ni ndugu wawili wa Ujerumani, Thomas na Christoph Cremer, ambao walijiuliza hivi: ikiwa kila kromosomu imetapakaa kiini kizima, mwale mwembamba wa leza ya urujuanimno ukipiga nukta moja utazijeruhi kromosomu nyingi, lakini ikiwa kila moja ina milki yake, majeraha yatakuwa juu ya chache tu zilizopakana hapo. Walizipiga seli za hamsta wa Kichina, wakangoja zigawanyike na kromosomu zitengane, wakatazama alama zimeangukia wapi. Zilikuwa juu ya chache tu, na mwaka 1982 matokeo hayo yakachapishwa.

Lakini kujua mipaka ya milki si kujua yaliyomo ndani yake. Mwaka 1988 wanafizikia watatu wa Umoja wa Kisovieti, Alexander Grosberg, Sergei Nechaev na Eugene Shakhnovich, pasipo kuwa na seli yoyote mbele yao, walihoji kwamba uzi mrefu mno ukisinyaa upesi hauwahi kufunga mafundo, kwa sababu uzi haupenyi katikati ya uzi mwenziwe. Utajikunyata kuwa vidonge vidogo, vidonge hivyo kuwa vikubwa zaidi, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Mvuvi anajua kuwa mshipi uliorundikwa ngalawani mkunjo juu ya mkunjo hutoka tena bila taabu, ilhali ule uliovurugwa kwa miguu ni kazi ya siku nzima.

Nadharia hiyo ilikaa miaka 21 ikingoja shahidi. Njia ilipatikana mwaka 2002, Job Dekker na wenzake walipobuni ufundi wa kuzifunga kwa fomaldehidi sehemu za uzi zinazogusana, kuukata uzi, kuziunga ncha zilizokaribiana, na kuzitambua. Mwaka 2009 Erez Lieberman-Aiden na wenzake, akiwamo Dekker mwenyewe na mwanafizikia Leonid Mirny, waliupanua ufundi huo hata ukaenea jenomu nzima ya binadamu. Lau uzi ungekuwa umevurugika, basi kila umbali kati ya sehemu mbili ukiongezeka maradufu migusano ingepungua hadi kama theluthi. Na lau ungekuwa kama walivyosema wale watatu, ingepungua hadi nusu. Ikawa nusu, toka umbali wa jozi za besi (kipimo cha urefu wa DNA) 500,000 hadi milioni 7 hivi. Kwangu mimi hii ndiyo heshima ya kielelezo cha fizikia, kwamba hutamka mapema kitakachoonekana, kikakubali kuhukumiwa nacho.

Na hukumu haikukoma hapo. Mwaka 2012 ilidhihirika kuwa uzi umegawanyika mitaa mitaa yenye mipaka, jambo ambalo uzi unaosinyaa wenyewe hauwezi kulieleza. Hapo ikapata nguvu dhana ya kwamba mkunjo ni kazi inayofanywa mfululizo: protini ya kohesini huushika uzi na kuuvuta, kitanzi kikikua, mpaka izuiwe na protini nyingine, CTCF, iliyosimama mpakani. Dhana hiyo iliandikwa na kukokotolewa kabla ya mtu yeyote kuiona. Mwaka 2018, huko Delft, Uholanzi, maabara ya Cees Dekker iliufunga uzi wa DNA ncha zote mbili juu ya kioo, ikautia rangi, na kuitazama kondensini, nduguye kohesini, ikivuta kitanzi kwa kasi iliyofikia jozi za besi 1,500 kwa sekunde.

Wanaodhani haya ni anasa ya wataalamu na wazitazame familia zilizochunguzwa na kundi la Stefan Mundlos mjini Berlin, ambalo mwaka 2015 lilionyesha kuwa vidole vya watu hao viliumbika vibaya ijapokuwa jeni husika zilikuwa salama. Kilichoharibika ni mpaka baina ya mitaa miwili ya uzi, hata amri iliyokusudiwa jeni moja ikaifikia jirani yake. Panya waliokatwa kipande cha uzi mahali hapo pamoja na mpaka wake walipata kasoro hiyo hiyo, na wale walioachiwa mpaka vidole vyao vilikuwa sawasawa.