Mgeni Aliyeletwa Kufagia: Tarikhi ya Kunguru wa Pwani

Katika miaka ya mwanzo ya himaya ya Waingereza juu ya Unguja, takriban mwaka 1891, waliletwa kutoka Bara Hindi kunguru wachache, wakafunguliwa mjini ili wale taka zilizorundikana vichochoroni. Na shauri hilo aghalabu hunasibishwa na Sir Gerald Portal, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko siku hizo. Waliolitoa waliutakia mji usafi, bali hawakujiuliza ndege yule atakula nini siku atakapozidi wingi wa taka alizoletewa.

Jawabu halikuchelewa. Kufikia mwaka 1917 serikali ya Unguja ilikuwa imekwisha kumhesabu miongoni mwa waharibifu, ikatoa ujira kwa kila aliyeleta kunguru au mayai yake. Hata hivyo ndege alizidi kuenea, maana hupanda merikebu kama abiria na hushuka bandari aipendayo: mwaka 1947 alionekana Mombasa, akashika pwani yote kaskazini na kusini, kisha akafuata njia kuu ya bara hata Voi na Mtito Andei, akitua kila penye mabaki ya vyakula. Maskani ya mbali na binadamu hana asilani; riziki yake yote imefungamana na jalala, machinjio na soko la samaki.

Dhuluma yake kubwa huifanya juu ya viota. Mnana husuka kiota chake kwa ustadi, mlango ukitazama chini ili nyoka asiufikie. Kunguru haushughulikii mlango, bali hushika tawi, akararua ubavu wa kiota kwa mdomo, akatoa makinda mmoja mmoja ilhali wazazi wao wanapiga kelele kandoye. Shore, chozi na tetere hupatwa na yayo hayo, na vifaranga vya kuku kadhalika. Mtaalamu Colin Ryall, aliyewachungua kunguru wa Mombasa, alieleza mashambulio hayo katika jarida la Scopus mwaka 1992, na tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba malalamiko ya wenyeji ni maneno ya barazani tu.

Zana za kumpunguza ni mbili zilizo mujarabu. Ya kwanza ni mtego: tundu kubwa la waya, ambalo mtu aweza kusimama ndani yake, na darini mwake mna nafasi zilizopangwa mfano wa ngazi. Kunguru hukunja mbawa akajitosa ndani, lakini atakapo kutoka sharti azikunjue, na zikikunjuliwa hazipiti. Ndani huachwa daima kunguru mmoja au wawili walio hai, wakapewa maji, chakula na kivuli, kwa kuwa ndege huyu hamwamini mtu, ila humwamini mwenziwe. Ya pili ni dawa iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibuo malisho ya ng'ombe. Watu huweka nyama safi kwa siku kadhaa mpaka kunguru wazoee, kisha siku moja nyama hutiwa dawa. Naye hafi pale, bali hurudi kwenye miti alalayo, figo zikaharibika, akafa baada ya saa nyingi, wenzake wasijue wamhofu nani. Dawa huvunjika upesi mwilini mwake, hata mwewe au paka alaye mzoga hadhuriki kwa wepesi.

Unguja ilizitumia zana hizo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa auni ya serikali ya Finland, na makumi ya maelfu ya kunguru wakauawa, Mji Mkongwe ukapata raha usiyoijua kwa miaka mingi. Fedha zilipokoma katikati ya miaka hiyo, kazi nayo ikakoma. Kunguru waliosalia wakazaa, na hasara ikarejea. Naona hapo ndipo penye kiini cha tarikhi hii yote, kwa kuwa kazi iliyoachwa njiani ilipoteza fedha, jasho na roho za ndege wote waliokwisha kuuawa.

Kenya imeanza upya. Dawa iliruhusiwa tena mwaka 2022, na Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likatangaza azma ya kuondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Huko Watamu taasisi ya A Rocha Kenya imekuwa ikifuatilia idadi yao, na kazi haiendi bila wenye mahoteli na wakazi kushirikiana, ama kwa kutoa nyama, ama kwa kuonyesha miti wanakolala.

Yatuhusu nini sisi wa Nyakuron, hapa Juba, Sudan Kusini? Bidhaa zetu nyingi hushuka Mombasa na hutufikia kwa malori, na majalala ya Juba hayana uhaba. Elimu ya ndege si ngeni katika nchi hii: Emin Pasha, aliyekuwa liwali wa Ikweta tangu 1878, alikusanya ndege akiwa Lado, mwendo mfupi chini ya mto kutoka hapa, akawapeleka kwa wataalamu wa Ulaya, na Gerhard Nikolaus alitoa atlasi ya ndege wa Sudan mwaka 1987. Lililobaki ni macho ya wenyeji wenyewe.

Basi, msomaji, kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni, usimdhuru. Ukimwona mwembamba zaidi, asiye na weupe wowote, shingo na kifua vya rangi ya kijivu, mpige picha, andika siku na mahali, upeleke habari kwa Wizara ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Utalii siku ile ile, wakati kuwaondoa wawili bado ni kazi ya asubuhi moja.