Barabara ya Kilwa

Wewe kijana wa Temeke, ukisikia Barabara ya Kilwa unafikiria foleni ya Mbagala, basi. Mimi nimeijia kwa upande wake wa pili: basi la alfajiri kutoka Lindi, kiti cha dirishani, daftari mapajani.

Kupita Nangurukuru ni mikorosho, minazi na nyumba za udongo. Kushoto, mbali na macho, iko milima ya Matumbi. Huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba ya serikali. Tangu 1902 walikuwa wanalimishwa shamba la pamoja kwa nguvu, malipo kiduchu, huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Amri zilitoka wapi? Dar es Salaam, ambako Wajerumani walihamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita ikaenea mpaka Songea, ikadumu hadi 1907. Waliokufa, wengine wanasema 75,000, wengine wanafika 300,000. Wengi waliuawa na njaa, maana jeshi lilichoma vyakula makusudi.

Sasa hebu ona ajabu hii: watu waliomkatalia mkubwa wa Dar ndio waliochelewa kupata njia ya kufika Dar! Mkoloni kaondoka 1961, barabara haikuja.

Tulipoingia Daraja la Mkapa, mzee jirani yangu alicheka peke yake.

"Mjukuu wangu, nyie mnapita tu. Sisi tulilala Ndundu siku tatu tunasubiri pantoni, mvua juu yetu, nauli tumeshaila."

Daraja hilo, kama mita 970 hivi, lilifunguliwa 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kikaendelea kusubiri lami miaka mingine mingi. Na Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ilikatika palepale Somanga. Hakuna njia nyingine ya maana. Kusini ikabaki inangoja.

Mji mkuu siku hizi ni Dodoma, lakini vijana wa kusini bado wanateremkia Mbagala. Wachuuzi tunawaita machinga, na wengi husema jina limetokana na Wamachinga wa Lindi. Mmoja tuliyepanda naye alishuka Rangi Tatu na kiroba cha korosho begani. Basi halijaondoka, ameshaanza kuuza.