Itifaki za Njia katika Ujenzi wa Intaneti

Neno itifaki lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mapatano. Siku hizi limekwama katika hafla za serikali, ambako huhusu nani atangulie kuhutubu. Maoni yetu ni kwamba maana ile ya kale ndiyo ifaayo kuielezea intaneti.

Yafaa kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo huchanganywa. Kuipokea pakiti ya habari, kuitazama anwani yake na kuipeleka mbele ni kazi ya ruta, nayo hufuata jedwali iliyonalo. Kulijaza jedwali hilo ndiyo kazi ya itifaki za njia. Katika ARPANET, iliyoanza Marekani mwaka 1969, mitambo hiyo ilikuwa chini ya usimamizi mmoja, kwa hiyo suala la kuaminiana halikuzuka. Mitandao ilipokuwa mingi, kila mmoja na mwenyewe, ilibidi mpaka uwekwe: ndani, kila mtandao ujipangie njia upendavyo, nje, uwatangazie majirani anwani uwezazo kuzifikia, basi. Hilo ndilo lililokuwa lengo la EGP ya mwaka 1982. Kisha Januari 1989, mkutanoni Austin, Texas, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter wakaichora BGP juu ya karatasi za kupangusia mikono mezani. Toleo lake la nne lingali linatumika.

Ikumbukwe kwamba BGP iliundwa imwamini jirani. Tarehe 24 Februari 2008 shirika la simu la Pakistan, likikusudia kuifungia YouTube nchini humo, lilitangaza kwamba njia ya kuifikia ilipita kwake. Tangazo likavuka mpaka, ruta za ng'ambo zikasadiki, na kwa muda wa saa mbili hivi YouTube haikupatikana katika sehemu kubwa ya dunia. Hapana mtambo ulioharibika. Kila mmoja ulitenda kama ulivyoagizwa.

Nasi Kenya tuliona kwamba mapatano ni ya watu kabla ya kuwa ya mitambo. Zamani barua iliyotumwa kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine jijini humo ilipitia ng'ambo kwa setilaiti. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana pakiti, KIXP. Mdhibiti akakifunga baada ya majuma machache, kufuatia malalamiko ya shirika la simu lenye ukiritimba. BGP ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni ruhusa, na kituo hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002.