Nyumba ya Mama, Safari ya Mwana

Mwaka wa 1884, katika kijiji cha Koto Gadang, Sumatra Magharibi, walizaliwa watoto wawili. Wa kwanza, Agus Salim, angekuja kuwa mwandishi, mjuzi wa lugha nyingi na waziri wa mambo ya nje wa Indonesia changa. Wa pili, Rohana Kudus, angeanzisha gazeti la wanawake wakati ambapo wasichana wengi nchini mwao hawakuwa wamekanyaga shule. Kijiji chenyewe ni kidogo, kiko ukingoni mwa korongo la Sianok, ng'ambo ya mji wa Bukittinggi, na pengine hujawahi kukisikia. Mimi nilikifikia kupitia vitabu, nikifuata swali ambalo huzua kelele kila Disemba tukirudi ushago: shamba ni la nani?

Koto Gadang jibu lao ni moja. La mama.

Wenyeji ni Waminangkabau. Ni Waislamu, tena wa kushika dini, lakini ukoo wanauhesabu upande wa mama. Mashamba ya mpunga na nyumba ya ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mali hii huitwa pusako tinggi, pusaka ya juu, ile iliyorithiwa vizazi na vizazi. Msimamizi wake ni mamak, na Kiswahili kina jina lake tayari: mjomba. Mjomba husuluhisha ugomvi, husimamia matumizi ya ardhi na kuusemea ukoo mbele ya baraza. Lakini mali si yake. Akifa, watoto wake wa kuzaa hawapati hata tuta moja la shamba hilo. Wanaofuata ni wapwa wake.

Sasa jiulize, mwanamume analala wapi? Zamani nyumba kubwa ya ukoo, yenye paa lililopinda kama pembe za nyati, ilikuwa na vyumba vya mabinti walioolewa. Mume alikuja usiku kama mgeni, asubuhi akaenda kulima kwa mamake na dada zake. Wavulana wakishapevuka kidogo walihamia surau, nyumba ya sala na masomo, wakalala huko. Kwa hiyo kijana wa Kiminangkabau hakuwa na chumba kwa mamake, na kwa mkewe alikuwa mgeni. Akaondoka. Safari hiyo ya kwenda kutafuta elimu na riziki wanaiita merantau, na Koto Gadang iliifanya kazi ya kijiji kizima. Wengi walisoma shule za Waholanzi, wakawa makarani, madaktari na walimu miji ya mbali. Waliobaki walijulikana kwa ufundi wa fedha, ile ya vito.

Kuuza pusaka ya juu ni mwiko. Hata kuiweka rehani kuna masharti, na kimila sababu zilizokubalika ni nne tu: maiti iko ndani na hakuna pesa za mazishi, binti amekuwa mkubwa na hakuna pesa za kumwoza, nyumba ya ukoo inavuja, au ukoo unataka kumsimika kiongozi baada ya cheo kukaa wazi. Anayekopesha hulima shamba na kula mavuno hadi deni lirudishwe. Hata ikipita miaka mingi, shamba bado lina mwenyewe. Hebu linganisha na kwetu, ambapo hati miliki moja inaweza kuingia benki Jumatatu na ukoo ukasikia habari siku ya mnada.

Mfumo huu haukuachwa ukae kwa amani. Mwaka wa 1833 Waholanzi waliwaahidi watu wa nyanda hizi kwa maandishi kwamba hawatawatoza kodi. Kuanzia 1847 wakawalazimisha kulima kahawa na kuiuzia serikali kwa bei ya serikali. Miaka ya 1870 wakatangaza kwamba ardhi isiyothibitishwa mwenyewe ni ya dola. Mkenya anaujua wimbo huo. Sheria ya ardhi ya Mfalme ya mwaka wa 1915 iliimba vivyo hivyo hapa. Mwaka wa 1908 kahawa ya lazima ilifutwa, ikaletwa kodi ya fedha. Ahadi ikawa imevunjwa waziwazi. Kamang na Manggopoh, wilaya hiyo hiyo ya Agam, watu walichukua silaha. Manggopoh mmoja wa viongozi alikuwa mwanamke, Siti Manggopoh. Uasi ulizimwa kwa damu.

Shambulio lililouma zaidi, hata hivyo, lilitoka kwa mwana wa nyumbani. Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam, alikuwa amepanda hadi kuwa imamu katika Msikiti Mtakatifu wa Makka. Kutoka huko aliandika kwamba kuwapa wapwa urithi na kuwaacha watoto ni kula mali ya mayatima. Hilo si neno dogo kwa Mwislamu. Wanafunzi wake waliporudi Sumatra, mjadala uliingia kila surau. Mmoja wao, Haji Rasul, alipata njia ya kutokea: pusaka ya juu haina mtu mmoja anayeimiliki, kwa hiyo ifananishwe na wakfu. Haigawanywi kwa kuwa si ya marehemu. Alichochuma mtu kwa jasho lake, hicho ndicho cha kugawa kwa sheria ya Kiislamu. Mwaka wa 1952, mkutano wa wanazuoni, wazee wa mila na wasomi uliofanyika Bukittinggi ulikubaliana hivyo: mali aina mbili, sheria mbili.

Nikisoma hayo namfikiria shangazi yangu, aliyeambiwa kwenye kikao cha familia kwamba fungu lake liko kwa mumewe, na mumewe alikuwa amemfukuza. Namfikiria pia jirani yetu wa Pwani: Wadigo wa Kwale nao walirithi kwa upande wa mama, mjomba kwa mpwa, na kwao pia mila hiyo iligongana na sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo tusiseme mambo haya ni ya kigeni.

Lakini tusiifanye Koto Gadang pepo ya wanawake. Rohana Kudus alizaliwa ndani ya mfumo ambao ardhi ni ya mama, na bado aliona wanawake wasiojua kusoma, wakisemewa na wajomba. Mwaka wa 1911 alianzisha pale kijijini Kerajinan Amai Setia, chama cha kuwafundisha kusoma, kuhesabu, kushona na kuuza kazi za mikono. Mwaka uliofuata akaanzisha gazeti lake, Soenting Melajoe. Alielewa kwamba mwenye shamba asiyejua hesabu anaweza kulala njaa juu ya mali yake.

Dola huru nayo ilijaribu kupanga upya. Sheria ya vijiji ya 1979 ilitaka nchi nzima iwe na kijiji cha sampuli moja, na Sumatra Magharibi nagari, yaani vijiji vya jadi vyenye baraza zao, zikakatwakatwa mwaka wa 1983. Baada ya Suharto kuanguka, kuanzia mwaka wa 2000 mkoa uliirudisha nagari. Haikuwa vigumu kuikumbuka, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inahesabiwa kwa koo.

Leo nyumba nyingi nzuri za Koto Gadang hukaa zimefungwa, wenyewe wako Jakarta na kwingineko. Mila iliyozuia shamba kuuzwa haikuweza kuwazuia watu wasiondoke, na kusema kweli wanaume iliwasukuma. Agus Salim mwenyewe, waziri mzima, aliishi Jakarta akihama kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine. Tukigawa ploti kwa wana peke yao, tunasema tunalinda jina la ukoo. Waminangkabau waliwaacha wana waende na jina, wakawaachia mabinti udongo. Udongo bado upo.