Kunyanyua springi za pikapu

Kunyanyua springi ni kazi ya kuongeza kimo cha gari kwa kubadili springi, shokapu na vishikizo vinavyounganisha ekseli na chesesi. Jijini Dar es Salaam hufanywa zaidi kwa pikapu za zamani ambazo bado ziko kazini: Toyota Hilux za miaka ya 1990, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Nissan Hardbody na Land Rover. Vifaa hupatikana Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, na Ilala katika Mtaa wa Shauri Moyo, ambako spea mpya na za mtumba kutoka Japani na Dubai huuzwa mlango kwa mlango na mafundi springi wako hatua chache kutoka dukani. Ukaribu huo ni faida kubwa, lakini pia ndio unaowafanya wengi wanunue kabla ya kupima.

Sababu za kunyanyua

Pikapu inayopakia Kariakoo alfajiri huanza na lami na matuta ya mjini, na kabla ya saa sita mchana inaweza kuwa kwenye tope la Kibiti au mchanga wa Kisarawe. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, Mto Msimbazi hufurika Jangwani, na zaidi ya mara moja Barabara ya Morogoro imefungwa kati ya maeneo ya Fire na Magomeni. Mwenye gari anataka difu ipite juu ya tuta la katikati ya njia, bampa lisikwaruze gari linapotoka korongoni, na tairi lizunguke bila kugusa madigadi.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili tangu zamani. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuimarisha springi na kuinua tumbo la gari vilikuja kuwa sehemu ya maandalizi ya timu nyingi zilizokusudia kufika mwisho. Datsun 240Z, ambayo kwa asili ni gari la michezo lililo karibu na ardhi, ilishinda mwaka 1971 na tena 1973.

Kimo kilichopotea

Pikapu yenye umri wa miaka 25 au 30 mara nyingi inahitaji kurudishwa pale ilipokuwa kabla ya kufikiriwa kupandishwa zaidi. Springi za majani hulegea polepole chini ya mzigo, bushi huisha, na kutu kati ya jani na jani huyafanya yasiteleze inavyopasa. Mwenye gari huliona limeshuka sentimita 3 au 4 akadhani ndivyo lilivyoundwa. Kwa gari kama hilo, springi mpya za kimo cha kiwandani zinaweza kuleta mabadiliko yote aliyoyataka.

Kipimo cha kuaminika huchukuliwa kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Kupima kutoka ardhini kunadanganya, kwa sababu unene wa tairi na upepo wake huingia kwenye hesabu. Pembe zote nne zipimwe. Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo upande wa dereva huchoka mapema, na kwa baadhi ya magari springi ya kulia hutengenezwa ikiwa juu kidogo ili kulisawazisha gari. Anayenunua springi za mtumba kutoka Dubai akumbuke kwamba huko usukani uko kushoto: springi iliyo juu inaweza kuwa ya upande usiomfaa.

Kugonga springi ili zirudi kwenye mkunjo wake ni huduma ya bei nafuu, na ina mahali pake. Ikifanywa chuma kikiwa baridi, na fundi anayejua kugawa mapigo urefu mzima wa jani, husaidia kwa muda. Tatizo ni moto. Chuma cha springi, kama kile ambacho Wajapani hukiita SUP9, hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa, kuzamishwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Jani lililowekwa kwenye makaa hadi likawa jekundu, kisha likaachwa lipoe lenyewe, limepoteza kazi yote hiyo na litashuka tena likianza kubeba mzigo.

Uzito ndio unaochagua springi

Swali la kwanza la muuzaji mzuri wa springi ni gari linabeba nini. Mifuko 20 ya saruji ni tani moja kamili, na huo ndio takriban uwezo wa Hilux ya kazi. Springi iliyochaguliwa kwa uzito huo wa kila siku, kisha ikatumika kwenye gari linalotembea tupu, hulifanya lirukeruke nyuma na kupoteza mshiko kwenye lami yenye maji. Pikapu za Kariakoo nyingi huenda zimejaa na kurudi tupu, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kuliko maduka mengi yanavyokubali. Linalofaa ni fungu la majani ya ugumu wa wastani lenye jani nene la chini ambalo huingia kazini pale tu mzigo unapoongezeka.

Kuongeza jani moja kwa makisio ni hatari kuliko inavyoonekana. Ugumu wa jani hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: jani la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu ya jani la milimita 7 lenye urefu na upana uleule. Tofauti ambayo jicho haliioni dukani, mgongo wa abiria utaihisi kila siku.

Kwa pikapu ya kazi, sentimita 4 hadi 5 juu ya kimo cha kiwandani zinatosha. Seti nyingi za Old Man Emu za Australia, zinazofahamika kwa wenye Land Cruiser, hulenga kimo hichohicho. Kupita hapo, kila sentimita hudai marekebisho kwenye propela shafti, stelingi na breki, na gari lenye watu au magunia yaliyopangwa juu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Njia zinazotumika mitaani

Njia hutegemea muundo wa mbele. Hilux LN106 na Land Cruiser 75 zina ekseli nzima na springi za majani mbele na nyuma, na hizo ndizo rahisi kuliko zote. Land Cruiser 79, iliyoanza mwaka 1999, ina koili mbele na majani nyuma. Nissan Hardbody, Isuzu TF na Mitsubishi L200 za miaka ya 1990 hutumia toshenibaa mbele.

Shakeli ndefu huinua nusu tu ya urefu ulioongezwa, na zikiwekwa mbele hubadili mwegamo wa ekseli, hivyo usukani huanza kutangatanga. Bloku za chuma kati ya springi na ekseli zinakubalika nyuma, moja moja bila kupandanishwa. Kwenye ekseli ya mbele zisiwekwe kamwe: breki ikikanyagwa kwa nguvu, bloku huongeza msokoto unaoweza kuing'oa springi mahali pake. Kukaza bolti ya toshenibaa huinua mbele kwa dakika chache bila kununua kitu, na kwa sababu hiyo hupendwa mno. Hakuongezi ugumu wowote, ila hula nafasi ya gurudumu kushuka, huzikunja sivijointi kwa pembe kali na kugonganisha mkono wa juu na kizuizi chake. Sentimita 3 ni mwisho wake.

Spesa za kuinua bodi peke yake hutoa nafasi ya tairi kubwa, lakini chesesi hubaki ilipokuwa. Difu ya ekseli nzima nayo haipandi kwa springi yoyote, kwa sababu imekaa kwenye ekseli. Tairi ndilo linaloipandisha, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Anayetoka tairi 205R16 kwenda 235/85R16 hupata takriban milimita 32 chini ya difu. Spidomita yake nayo itasoma pungufu: ikionyesha 80, gari liko karibu na 87.

Kufunga

Chesesi hukaguliwa kwanza. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma kutoka ndani, hasa pale vishikizo vya springi vilipochomelewa nyuma, na nyundo ndogo hutofautisha mlio wa chuma kizima na kilichooza. Gari huwekwa juu ya stendi za chuma chini ya chesesi. Matofali na magogo, ambayo bado yanaonekana kwenye gereji za kando ya barabara, hupasuka au kubiringika bila onyo, na fundi aliye chini hana pa kukimbilia.

Yubolti za zamani hazirudishwi, kwa kuwa zimekwisha kuvutika. Kichwa cha sentabolti lazima kikae sawasawa kwenye tundu la ekseli, la sivyo gurudumu moja litakuwa mbele ya jingine. Bolti za bushi huachwa zimeshikwa kidogo tu hadi gari lishushwe na kubeba uzito wake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi hubaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Shokapu huchaguliwa kwa urefu wa springi mpya. Shokapu fupi hugeuka kuwa kamba inayozuia ekseli kushuka na mwishowe hung'oka. Hozi za breki hupimwa ekseli ikiwa imeshuka kabisa. Ikiwa zimenyooka, zibadilishwe na ndefu zaidi. Bomba la pumzi la difu nalo lirefushwe na kupelekwa juu kwa anayepita kwenye maji.

Kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote ni vali ya breki za nyuma. Kwenye Hilux nyingi, kijiti kimeunganisha vali hiyo na ekseli. Mzigo ukiishusha bodi, kijiti huiambia vali ipeleke nguvu zaidi nyuma. Springi mpya zikiinua bodi, vali huliona gari kuwa tupu siku zote, hata likiwa na tani moja mgongoni, na breki za nyuma hufanya kazi nusu. Kishikizo cha kijiti lazima kisogezwe kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Fundi asiyeigusa vali hii hajamaliza kazi, hata kama gari limependeza.

Propela shafti ikianza kutetemeka, au usukani usiporudi katikati baada ya kona, kabari za chuma zenye pembe ndogo huingizwa kati ya springi na ekseli kurekebisha mwegamo. Kisha hufuata alaimenti na kushusha mwanga wa taa za mbele, ambazo sasa zinawapiga machoni wanaokuja. Anayeegesha Posta asome kimo kilichoandikwa kwenye mlango wa maegesho ya chini ya majengo, maana keria na magunia huhesabika pia. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi.

Nati za yubolti hukazwa tena baada ya siku chache za kazi na mara nyingine karibu kilomita 500. Kimo hupimwa upya gari likiwa limebeba mzigo wake wa kawaida: mpira wa kizuizi uwe bado na nafasi juu ya ekseli, tairi lisikwaruze usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili, na hozi za breki zisiguse kitu.