Mawe ya Kisii na Ncha Mbili za Dunia

Mwaka 1972 wanasayansi watatu, A. Brock, P. K. S. Raja na J. R. Vail, walichapisha katika jarida la jiofizikia la Royal Astronomical Society la London makala kuhusu sumaku iliyohifadhiwa ndani ya miamba ya Kisii, magharibi mwa Kenya. Wenyeji wa milima ya Kisii waliyajua mawe yake kwa msingi wa nyumba na mpaka wa shamba. Watatu hao waliyaendea kwa swali jingine: lava hii ilipokuwa ikipoa, ncha ya dunia ilikuwa upande gani?

Kwanza tujue ni ncha ipi inayotafutwa, kwa maana zipo za aina mbili. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na pale mhimili unapotokeza ndipo penye ncha za kaskazini na kusini tunazoziona kwenye ramani. Ikweta hutokana na mhimili huo, nayo hupita Maseno, kama kilomita 60 kaskazini ya latitudo ya mji wa Nyamira. Ncha ya sumaku ni habari nyingine. Hiyo huzaliwa na chuma kilichoyeyuka kinachotiririka katika kiini cha nje cha dunia, kuanzia kina cha takriban kilomita 2,900. Chuma hicho hakitulii, na ncha yake pia haitulii.

Binadamu alichukua muda mrefu kuligundua hilo. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert aliandika kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Mwaka 1635 Henry Gellibrand alitangaza kuwa pale London tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi ilikuwa imebadilika tangu ilipopimwa na waliomtangulia. Tarehe 1 Juni 1831 James Clark Ross alifika rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada, na kuona sindano ya sumaku imesimama karibu wima. Alikuwa ameifikia ncha ya sumaku, naye bado yuko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka ncha ya mhimili. Tangu hapo ncha ile imehama kuelekea upande wa Siberia, na kuna miaka imesogea zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka. Mhimili nao hutikisika, kama Seth Chandler alivyoonyesha mwaka 1891, ila mtikisiko wake ni wa mita chache tu.

Tofauti kati ya ncha hizo mbili inaonekana hata Kisii. Ikweta ya ramani iko jirani, lakini ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, takriban kilomita 1,000 kaskazini. Kwa hiyo sindano iliyoachwa huru kuinama hailali sawa hapa: upande wake wa kusini huzama kwa zaidi ya digrii 20. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ya sumaku ndivyo mwinamo unavyoongezeka, hadi sindano isimame wima kwenye ncha.

Lava hukariri mwinamo huo. A. Huddleston alikwisha kuieleza miamba ya wilaya ya Kisii katika ripoti ya jiolojia ya mwaka 1951: lava za chini, juu yake miamba migumu ya kwatzaiti, kisha lava nyingine. Lava inapopoa chini ya digrii 580 za Selsiasi, chembe za magnetaiti, madini yenye chuma, zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku wa siku ile na kuukaza.

Kuusoma mwelekeo huo kunahitaji mkono wa uangalifu. Mpimaji hutoboa jabali kwa keekee yenye meno ya almasi huku maji yakiipoza, akapata kipande cha mviringo chenye unene wa kidole gumba. Kabla ya kukivunja kutoka kwenye shina lake, hupima kimeelekea wapi. Dira peke yake haitoshi, kwa kuwa jabali lenye chuma huweza kuivuta sindano. Hivyo husimamisha kijiti juu ya kibao chenye digrii, akasoma kivuli cha jua na kuandika saa. Kivuli humpa kaskazini ya mhimili. Jiwe litampa kaskazini ya sumaku ya kale. Radi nayo ni adui, na nyanda za juu za Kisii na Nyamira zina radi nyingi: ikipiga jabali huweza kufuta kumbukumbu na kuandika yake. Ndiyo maana vipande husafishwa maabara hatua kwa hatua, hadi ibaki sumaku ya zamani zaidi.

Lakini ikiwa ncha ya sumaku huzurura, inatufaa nini? Mbuzi aliyefungwa kambani hula huku na huku, lakini ukitazama nyasi zote alizokula utajua kigingi kiko wapi. Ncha ya sumaku huzunguka ncha ya mhimili hivyo hivyo, na wastani wa maelfu ya miaka huangukia karibu na mhimili. Hata pande za sumaku zinapogeuka, kaskazini ikawa kusini kama ilivyotokea mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita, mhimili haupinduki. Ndiyo sababu mpimaji hukusanya vipande kutoka matabaka mengi ya lava.

Ncha iliyosomwa katika mawe ya Kisii ilikuwa mbali kabisa na ya leo. Maana yake ni kwamba ardhi hii imesafiri na kugeuka tangu lava ilipopoa. Zamani miamba hii ilihesabiwa rika moja na ile ya Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Upimaji wa baadaye uliupeleka umri wake nyuma sana, hadi takriban miaka bilioni 2.5. Mwelekeo uliopimwa ulibaki vilevile. Ila sasa ulikuwa ushahidi wa enzi ya mbali zaidi ya ile waliyoidhania wapimaji.

Wanafunzi wa Kisii na Nyamira hufundishwa kaskazini mbili kwa mishale iliyochorwa pembeni mwa ramani. Wanastahili pia kupelekwa mlimani, waambiwe kuwa jabali wanalolikalia limetumika kuutafuta mhimili wa dunia, na waonyeshwe jinsi ya kulisoma wenyewe.